Timu moja, si timu mbili: jinsi ya kuendesha michezo ya vijana wakimbizi na wenyeji katika vijiji vya Mtwara

Kosa linaloanza mapema kuliko yote ni kupanga mechi ya "wenyeji na wageni". Kiwanja kinajaa, mgeni rasmi anapiga mpira wa kwanza, vigelegele vinapigwa, na jioni watoto wanarudi majumbani wakijua vizuri kuliko walivyojua asubuhi nani ametoka Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, na nani amezaliwa hapa. Waliofungwa wanasema mwamuzi kapendelea. Waliofunga wanatamba sokoni wiki nzima. Siku iliyokusudiwa kuwaleta watu karibu imewachorea mstari.

Mpira peke yake haupatanishi watu. Kinachofanya kazi ni mpangilio wake: nani anavaa rangi moja na nani, kwa wiki ngapi, nani anaamua ugomvi, nani anabeba dumu la maji. Mwongozo huu ni wa mpango wa wiki kumi, watoto 24 wa miaka 12 hadi 15, siku mbili kwa wiki, katika kijiji chenye kiwanja kimoja cha kawaida. Umeandikwa kwa ajili ya makocha wa kijiji, walimu wa michezo na vikundi vya vijana vya Tandahimba, Newala, Nanyamba, Nanyumbu na Mtwara Vijijini.

Mnachopaswa kukijua kuhusu watoto wenyewe

Vita vya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, vilianza Oktoba 2017 kwa shambulio la Mocímboa da Praia, na baada ya mji wa Palma kuvamiwa Machi 2021 familia nyingi zilikimbilia mtoni. Waliofika upande huu na kubaki, wengi wako kwa ndugu na jamaa, maana Wamakonde wako kingo zote mbili za mto, na pwani kuna watu wenye udugu wa kuoleana tangu zamani. Kwa hiyo mtoto mgeni mara nyingi hana hema wala kambi. Yuko nyumba ya shangazi, analala na binamu, na watu wa mtaa hawajui wamhesabu wapi.

Watoto wenyeji nao wana hofu yao. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, upande wetu wa mto, kilishambuliwa, na habari zake zilifika kila kijiji cha ukanda ule. Ukipanga shughuli kwa kudhani mgeni ndiye mwenye jeraha na mwenyeji ndiye wa kusaidia, utakosea kwa wote wawili.

Lugha inawatisha waratibu kuliko inavyostahili. Watoto wengi wa pwani ya Cabo Delgado wanasikia Kiswahili, na Kimakonde kinapita pande zote. Pengo liko kwenye kusoma na kuandika, kwa kuwa shuleni walifundishwa kwa Kireno. Usibandike kanuni zilizoandikwa kwenye mti. Zichore au zionyeshe kwa vitendo. Na waache wageni wawafundishe wenzao maneno kumi ya uwanjani: bola ni mpira, passa ni toa pasi, aqui ni hapa, golo ni goli, fora ni nje, falta ni faulo, calma ni tulia, devagar ni polepole, água ni maji, desculpa ni samahani. Siku ya pili utasikia mtoto wa Tandahimba akipaza sauti "passa!" bila kuambiwa.

Kwa nini wiki kumi na si bonanza la siku moja

Mwaka 2020 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Salma Mousa kutoka kaskazini mwa Iraki. Wakristo waliokuwa wamefukuzwa makwao na ISIS waliwekwa kwenye ligi za mpira za ridhaa. Kwa bahati nasibu, timu nyingine zilibaki za Wakristo watupu na nyingine ziliongezewa wachezaji Waislamu. Waliocheza timu moja na Waislamu waliendelea kufanya nao mazoezi hata miezi sita baadaye, na walikuwa tayari zaidi kumpigia kura Mwislamu wa timu nyingine apewe tuzo ya uungwana. Lakini nje ya uwanja, mbele ya Waislamu wasiowajua, tabia zao hazikubadilika sana.

Somo hilo lina pande mbili, na zote mbili zimeongoza mwongozo huu. Kucheza timu moja kwa muda mrefu kunajenga urafiki wa kweli kati ya wanaocheza. Urafiki huo hauvuki wenyewe kwenda kisimani, sokoni na kwa wazazi. Usipoujengea njia ya kutoka uwanjani, utaishia palepale kwenye mistari ya kiwanja.

Ruhusa

Anza na mwenyekiti wa kijiji na mtendaji. Andika barua ya ukurasa mmoja: nani anaendesha, siku gani, saa ngapi, wapi, watoto wangapi, nani atawajibika mtoto akiumia. Nakala iende kwa mtendaji wa kata, afisa michezo wa halmashauri, mwalimu mkuu kama kiwanja ni cha shule, na polisi kata. Nakala ya polisi isisahaulike hata kidogo. Katika vijiji vya mpakani, vijana wengi wasiojulikana wakikusanyika jioni huzua maswali, na ni afadhali maswali hayo yajibiwe ofisini kuliko yajibiwe uwanjani mbele ya watoto.

Kocha si afisa uhamiaji. Daftari lako liwe na jina, umri wa kukadiria, jina la mlezi, namba ya simu ya mlezi na ugonjwa wowote wa kuangaliwa, kama pumu au kifafa. Usiweke safu ya uraia wala kijiji alikotoka. Ukihitaji kujua wageni ni wangapi kwa ajili ya kupanga timu, kumbuka kichwani. Familia ikikuuliza kuhusu hifadhi au vibali, waelekeze kwa mtendaji na kwa maafisa wa Huduma kwa Wakimbizi, Wizara ya Mambo ya Ndani. Usiwape ushauri wa kubahatisha, kwa sababu ukikosea wanaolipia ni wao. Picha za nyuso za watoto zisiende kwenye makundi ya WhatsApp wala mitandaoni, hata mfadhili akiziomba. Kuna waliokimbia watu ambao bado wanawatafuta.

Kiwanja karibu kila mara kina wenyewe: timu ya kijiji inayofanya mazoezi hapo kila jioni. Kaa na nahodha wao kabla ya kuonana na mtu mwingine yeyote nje ya ofisi ya kijiji. Chukua Jumanne na Alhamisi, waachie siku nyingine, na waombe vijana wawili wao wawe wasaidizi wako. Mpango unaowanyima vijana wa kijiji kiwanja chao umeshazaa chuki kabla mtoto mmoja hajagusa mpira.

Vifaa viandikwe jina la kijiji. Mipira, vizibao na pampu vitunzwe ofisi ya kijiji au stoo ya shule, na visiitwe "msaada wa wakimbizi". Neno "kwa nini wao wapewe?" linazaliwa siku jezi mpya zinapogawiwa upande mmoja tu.

Msimu na saa

Kalenda ya Mtwara inaongozwa na korosho na mvua. Kuanzia Septemba mwishoni watoto wanaokota korosho, na hutawapata. Mvua huanza Novemba au Desemba hadi Aprili. Kati ya Mei na Agosti mikorosho hupuliziwa salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga. Wiki kumi zinazokaa vizuri ni kuanzia mwanzo wa Julai hadi katikati ya Septemba. Waulize wazee jando na unyago vya mwaka huo vinaanza lini, kwa maana watoto wa umri huu ndio wanaoingia, na mtoto akienda jando amekwenda.

Kama kiwanja kimepakana na mikorosho, uliza wenye mashamba siku wanazopulizia. Vumbi la salfa linachoma macho na linambana vibaya mtoto mwenye pumu. Siku hiyo hamisha mazoezi au yaahirishe.

Anza saa kumi jioni, maliza saa kumi na moja na nusu. Katikati ya mwaka jua la huku linazama karibu na saa kumi na mbili, na kuna watoto wanaotembea nusu saa kufika kwao. Mwezi wa Ramadhani usipange mazoezi ya kukimbia jioni. Waliofunga watakuja kwa ajili ya wenzao na wataumia kimyakimya.

Watu wazima wanaohitajika

Kwa watoto 24 wanahitajika watu wazima watatu, na mmoja wao lazima awe mwanamke. Kusiwe na wakati ambapo mtu mzima mmoja yuko na mtoto mmoja mahali pasipoonekana, iwe stoo, iwe njiani, iwe kwenye pikipiki. Mmoja wa watu wazima, au angalau msaidizi mmoja kijana, atoke miongoni mwa wageni wenyewe, na awe na kazi yenye heshima: kocha, mwamuzi, mtunza vifaa. Watoto wanahesabu nani anapuliza filimbi na nani anafagia, na mafunzo wanayoyachukua yanatoka humo.

Mtoto akikueleza kuwa anapigwa au anaguswa vibaya, msikilize, usimhoji, usimwahidi kuwa utanyamaza. Peleka habari siku hiyohiyo kwa afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto polisi. Namba ya bure ya kusaidia watoto ni 116. Ichore kwenye kibao cha mbao pale kiwanjani.

Kiwanja na vifaa

Timu za watu sita zinahitaji eneo la mita 30 kwa 20. Nunua kamba ya manila ya mita 30, ufunge fundo kila mita 5, na utakuwa na kipimo cha maisha. Kona inyooke: pima mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na umbali kati ya ncha hizo uwe mita 5 kamili. Mistari ichorwe kwa majivu. Chokaa isiyozimwa inaunguza macho na ngozi, usiiguse.

Goli ni mianzi miwili iliyochimbiwa nusu mita ardhini, upana wa mita 3 kama kuna kipa, mita 2 kama hakuna. Juu pitisha kamba, usiweke mti mzito. Goli la chuma au la magogo lisilochimbiwa linaweza kumwangukia mtoto anayening'inia na kumuua.

Mipira sita ya saizi namba 4 inatosha watoto 24, pamoja na mmoja wa namba 5 kwa wakubwa. Kwenye ardhi yenye changarawe na miiba, mpira wa raba unaishi muda mrefu kuliko ule wa kushonwa unaong'aa. Nunua sindano tatu za kujazia, maana zinapotea, na uipake sindano mafuta kidogo kabla ya kuichomeka. Sindano kavu huchana vali, na mpira unaovuja kila siku karibu mara zote umechanwa hapo. Ukiuachia kutoka juu ya kichwa, mpira uliojaa vizuri hurudi mpaka kiunoni au zaidi kidogo. Tengeneza pia mipira mitano ya matambara na nailoni ya chandimu. Ni ya bure, haiumizi, na mtoto ambaye hajawahi kumiliki mpira wa dukani anajua kuuchezea.

Vizibao viwe vya rangi nne, sita kila rangi. Kitenge kilichokatwa utepe wa kufunga mkononi kinafaa vilevile.

Halafu viatu. Kanuni ni moja: wote viatu au wote peku. Mwenye njumu akicheza na mwenye miguu mitupu, mmoja atavunjwa kidole siku ya kwanza, na mara nyingi aliyevunjwa ni mgeni, kwa sababu yeye ndiye asiye na viatu. Kama hata watatu hawana, wote wavue, na watu wazima watembee kiwanja kizima kuokota vioo, miiba na vifuu kwa dakika kumi kabla ya watoto kufika.

Maji: madumu mawili ya lita 20, yaliyochemshwa au kutibiwa kwa vidonge, na ndoo yenye bomba. Kila mtoto aje na chupa au kikombe chake. Kikombe kimoja cha kuzungusha kinaeneza kuhara na kipindupindu. Mtoto akiishiwa nguvu kwa joto, mpeleke kivulini, mmwagie maji shingoni na kwapani, na mpe maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Akichanganyikiwa au akiacha kutoa jasho, asipewe kitu cha kunywa kwa nguvu, akimbizwe zahanati. Aliyegongwa kichwa hachezi tena siku hiyo, hata akilia kutaka kurudi.

Droo

Hapa ndipo mpango wote unaposimama au kuanguka, kwa hiyo usiifanye kwa haraka.

Wiki tatu za kwanza usiwe na timu za kudumu. Badilisha wenza kila siku na andika pembeni nani anakimbia, nani anaona pasi, nani anaogopa mpira. Mwisho wa wiki ya tatu panga timu nne za watu sita, na timu hizo zisivunjwe hadi wiki ya kumi. Urafiki unahitaji muda wa kukosana na kupatana.

Gawa kwa mafungu. Kwanza wanne walio hodari zaidi, mmoja kila timu. Kisha wasichana, wawe sawa kila timu na wasipungue wawili. Kisha wageni, nao wasipungue wawili kila timu. Mgeni aliye peke yake kwenye timu ya watu sita anageuka mtu wa kuangaliwa, na akikosea, kosa lake linakuwa la watu wa kwao wote. Wageni wakiwa wanne tu, tafuta wengine kabla ya kuanza, au anza na timu mbili badala ya nne. Umri wa cheti na darasa usivitegemee sana. Kijana wa miaka 15 aliyepoteza miaka ya shule anaweza kuwa darasa la tatu. Angalia kimo na uwezo. Ndugu wadogo waliokimbia pamoja usiwatenganishe mpaka wakuzoee.

Ukishapanga kimya, watoto wachukue tepe za kitenge kutoka kwenye mfuko ili waone ni bahati. Weka mifuko mitatu, mmoja kwa kila fungu, la sivyo bahati itakuvurugia hesabu. Watajaribu kubadilishana rangi nyuma ya mti ili wawe na marafiki zao. Andika majina palepale na rangi yake, na usikubali kubadilisha hata mzazi mwenye heshima zake akija kuomba. Ukimkubalia mmoja, kufikia Alhamisi utakuwa umerudi kwenye "wenyeji na wageni".

Majina ya timu yasiwe ya nchi, ya miji wala ya vilabu vya Simba na Yanga. Ndanda na Namungo nazo zina wapenzi wao huku na huenda zikagawa. Mkunga, Pweza, Mbuyu, Mkorosho: majina ya namna hiyo hayana mwenyewe.

Dakika 90 za siku ya kawaida

Dakika kumi za kukutana: wanakaa duara kwa timu, kila mmoja anasalimia kwa jina la mwenzake wa kulia. Dakika kumi na tano za kupasha mwili kwa michezo inayojulikana pande zote, na rede ndiyo bora: wawili wanarusha, waliomo katikati wanakwepa huku wakijaza mchanga kwenye chupa. Wasichana wa kijiji ni mabingwa wa rede, na kuanza na mchezo wanaoujua kunawapa sauti kabla ya mpira wa miguu kuingia. Dakika ishirini za zoezi la kutegemeana: wawili wawili wamefungana mguu kwa kitambaa, wanapiga pasi za umbali wa mita 5, au kupokezana mpira katika mraba wa mita 10 ambapo hesabu huanza upya mtu yuleyule akigusa mpira mara mbili mfululizo. Dakika thelathini za mechi. Dakika kumi na tano za kikao cha mwisho, pamoja na kukusanya vifaa. Kukusanya vifaa ni kazi ya mchanganyiko: mgeni na mwenyeji wanabeba dumu moja.

Wiki mbili za kwanza usitumie filimbi. Inua mkono, na kila anayeuona anyanyue wake hadi wote wanyamaze. Kelele kali ya ghafla, kishindo cha mpira kwenye bati, baruti za watoto wa mtaa, vyote vinaweza kumrudisha mtoto kule alikotoka. Ukimwona ameganda, macho yako mbali, usimvute wala usimuulize nini kimetokea. Kaa kando yake, mwambie ni wewe, yuko kiwanjani, akanyage ardhi kwa nguvu, avute pumzi polepole pamoja nawe. Akitulia, achague mwenyewe kurudi au kukaa. Ikijirudia mara kwa mara, ongea na mlezi na afisa ustawi wa jamii. Kocha hafanyi tiba, na kumhoji mtoto mbele ya wenzake kuhusu vita ni ukatili hata ukifanywa kwa huruma.

Mechi ya vipindi vitatu

Kuanzia wiki ya nne tumia mechi isiyo na mwamuzi. Utaratibu huu una asili yake Medellín, Colombia, ambako Jürgen Griesbeck alianzisha mwaka 1996 mpango wa mpira kwa ajili ya amani, miaka miwili baada ya mchezaji Andrés Escobar kuuawa mjini humo.

Kipindi cha kwanza ni kikao cha dakika tano. Timu mbili zinakaa duara moja, zikiwa zimechanganyika, na zinakubaliana kanuni zisizozidi tatu. Mfano: goli halihesabiwi mpaka wasichana wawe wamegusa mpira, anayemwangusha mwenzake anamwinua yeye mwenyewe, mpira ukitoka, aliyeutoa ndiye anayesema. Kipindi cha pili ni mpira wenyewe, dakika ishirini. Faulo anaitangaza aliyeifanya au aliyefanyiwa, mchezo unasimama, wanamalizana. Kipindi cha tatu ni kikao tena: kila timu inaipa timu pinzani alama za heshima, sifuri hadi tatu, na kueleza kwa nini.

Ushindi ni alama 3, sare 2, kufungwa 1, kisha zinaongezwa za heshima. Timu iliyofungwa ikiwa waungwana inaweza kumaliza na 4 na kuipita iliyoshinda kwa ubabe.

Katikati wanakaa wapatanishi wawili wa miaka 16 hadi 20, mmoja mwenyeji na mmoja mgeni. Hawapulizi faulo. Wanauliza: "Mlikubaliana nini mwanzo?" Wafundishe siku mbili kabla, ukiwaigizia ugomvi. Mara ya kwanza mambo yatakuwa ya fujo. Timu zitapeana sifuri kwa hasira, na wengine watapeana tatu tatu ili wamalize haraka. Wapatanishi wadai tukio halisi kwa kila alama: nani, lini, alifanya nini. Mechi ya tatu au ya nne watoto wanaanza kusema ukweli.

Wasichana

Wengi hawataletwa na wazazi kama hawajui nani anawasimamia na watavaa nini. Mama kocha aende nyumba kwa nyumba, na aende kwa wageni na wenyeji siku moja. Suruali chini ya sketi na mtandio uliobanwa vizuri havizuii kucheza. Tangu 2014 hata sheria za mpira duniani zinaruhusu kichwa kufunikwa. Pini za mtandio zitolewe, zinachoma. Netiboli iwepo kama chaguo: uwanja wake kamili ni mita 30.5 kwa 15.25, ringi juu mita 3.05, ingawa kwa umri huu mti wa mita 2.5 unatosha. Lakini netiboli isiwe ndiyo njia ya kuwatoa wasichana kwenye mpira. Choo kilicho karibu na chenye mlango ni sharti. Pasipokuwa nacho wasichana wakubwa watakosa wiki moja kila mwezi, na hakuna atakayekuambia sababu.

Yanayoharibika, na sababu zake

Majina. Mtoto wa ng'ambo ataitwa "Mmawia", jina la kuwabeza Wamakonde wa Msumbiji, au vibaya zaidi ataitwa gaidi. Utani ni mzuri kati ya watani wanaojuana, na huku kwetu tunauheshimu. Lakini utani juu ya vita hauna mtani. Weka kanuni tangu siku ya kwanza: anayetamka jina hilo anatoka dakika tano, timu yake inacheza na pungufu. Adhabu ya timu inafanya kazi kuliko hotuba, kwa kuwa mwenzake wa rangi moja ndiye atakayemkanya.

Dau. Watu wazima wakianza kuwekeana fedha kwenye mechi za watoto, matusi yanafuata. Mwenyekiti atangaze marufuku mapema. Vilevile zawadi ya mbuzi au fedha iachwe. Siku ya mwisho ipikwe pilau ya wote, na wapishi wawe kina mama wa pande zote mbili kwenye sufuria moja.

Kuchujana. Timu ikifungwa mara tatu, kocha anashawishika kuwaweka hodari tu. Kila mtoto acheze angalau nusu ya mechi, na wapatanishi wahesabu.

Kuutoa urafiki nje ya uwanja

Wiki ya tano, wazazi waitwe wakae mikekani kwa timu za watoto wao, si kwa ukoo. Wiki ya saba, kila timu ipewe kazi moja ya kijiji: kufagia kisimani, kuchoma taka, kuchimba mashimo ya miche. Mwaliko mmoja kwa mzee anayekumbuka wakimbizi wa vita vya ukombozi wa Msumbiji waliopokewa Rutamba, Lindi, miaka ya 1960, au vijana wa FRELIMO waliofunzwa Nachingwea, unawafungulia watoto jambo ambalo wengi hawajaambiwa: kwamba hii si mara ya kwanza, na waliopokelewa walikuwa ndugu.

Kupima, tumia macho. Wiki ya kwanza, ya tano na ya kumi, hesabu kwa dakika kumi pasi zinazotoka kwa mwenyeji kwenda kwa mgeni na kinyume chake. Andika nani anafika na nani, na nani anaondoka na nani. Pasi zikiongezeka lakini watoto bado wanaondoka kwa makundi mawili, kazi yako iko njiani na majumbani, wala haiko kwenye mazoezi. Ongeza shughuli za wazazi.

Kuna watakaoondoka ghafla, familia imehamishwa au imerudi. Usimtafute mtoto kupitia askari, na usiulize majirani kwa sauti. Muulize mlezi kwa simu, kisha ustawi wa jamii. Timu yake iambiwe ukweli unaoujua, bila kuongeza. Nafasi yake kwenye timu isipewe mtu hadi wiki mbili zipite, na akija mtoto mpya asiwekwe kwenye nafasi hiyo moja kwa moja: acheze kwanza na kila timu siku moja moja, ndipo droo ifanywe tena kwa mifuko ileile mitatu.